Bado Mafundo Tatu

Asubuhi ile Wivine alikuwa amepiga magoti katikati ya bitekuteku, mboga ya majani ya papa yake, kule Simi-Simi, anageuza jani moja moja, anaangalia chini yake. Hakuna mududu. Akageuza ingine. Hakuna!

"Papa! Badudu yote imekufa!"

Papa Isaïe akaachilia arrosoir ya kumwangia maji. "Eeh! Kumbe mutoto wangu iko na sauti!"

Sababu Wivine, hata kwenye masomo, mwalimu akimuuliza kitu, anainamia kitabu yake, anajibu chini chini.

Miaka yote papa alikuwa anapiga dawa ya badudu na pompe saa sita, jua kali, juu ya majani tu. Badudu inajificha chini, inamucheka. Bon, Samedi, ile Jumamosi iliyopita, Wivine akasoma étiquette, maandishi ya kwenye chupa ya dawa, akamuomba bajaribu ingine: jioni, upepo nyuma yao, shati ya mikono mirefu, kitambaa mudomoni, dawa inapimwa na kifuniko, pompe inapiga mpaka chini ya majani. Kisha akafunga kamba kwenye kijiti, mafundo saba, sababu étiquette ilisema bangoje siku saba mbele ya kukata. Kila asubuhi anafungua fundo moja.

Mara toleka, baiskeli ya kubeba watu, ikasimama. Mama Kaswera, mwenye kuuzisha mboga sokoni, akashuka, akaona majani, akapiga makofi.

"Isaïe! Hakuna hata tundu moja! Nakamata yote, sasa hivi!"

Papa alikuwa amekwisha kutoa kisu mufukoni. Mudomo wa Wivine ukatangulia:

"Mama, hapana. Bado mafundo tatu. Dawa ingali kwenye majani."

"Mafundo? Mimi nauzisha majani, siuzishe kamba!"

Papa akaangalia kijiti, akaangalia mutoto wake. Akarudisha kisu mufukoni.

"Umesikia, mama. Patron ni huyu mutoto."

"Alors nitaangalia kwa wengine!" Mama Kaswera akapanda toleka yake, akaenda bila kuaga.

"Siku unapata sauti," papa akasema, "ndiyo siku unafukuza client!" Lakini alikuwa anacheka mpaka machozi.

Wivine hakuweza hata kukaa. Akakamata telefone ya papa, akapiga foto ya kamba, akaandika mbio mbio:

"Mama Kaswera, ni Wivine wa Papa Isaïe. Samedi fundo ya mwisho inafunguka. Sisi tutakula ya kwanza, uone dawa imeisha. Kuja na toleka mbili!"

Akatuma. Ikafika. Akaangalia, akafuta kioo na kitambaa ya kikwembe yake, akaangalia tena.

Jibu bado. Akarudi kwa kijiti, akahesabu mafundo tena: tatu.