Jicho la Televisheni ya Babu Olinga

Mnunuzi wa vyuma kuukuu angefika saa sita, na televisheni ya marehemu babu yangu bado ilionyesha picha hafifu, kama ya kuchungulia kwenye moshi.

"Nimekupa likizo nzima, Apio," alisema mjomba Omoding. "Huko chuo mnafundishwa kufungua tu? Kufunga ni muhula ujao?"

Nyanya Akwii alikuwa ameketi akiitazama televisheni. Babu Olinga alikuwa fundi wa redio na televisheni hapa Malaba, na baada ya matanga vifaa vyake vyote viligawanywa. Kazi ya mikono yake iliyobakia ni televisheni hiyo moja.

Nilikuwa nimebadilisha vipuri vilivyochoka na kuunganisha king'amuzi. Kitu kimoja tu kilinishangaza: transista ya jemaniamu, kijiungo cha kizamani cha kuongoza umeme, chenye ganda la kioo, iliyowekwa mbali na nyingine, karibu kabisa na uso wa televisheni, kwa ndani. Rangi yake nyeusi ilikuwa imebanduka upande mmoja. Nikadhani ni uzee, nikaipaka rangi yangu nyeusi ya kucha.

Nyanya aliinuka, akapangusa kwa pembe ya leso kitundu kilichokuwa kando ya kitufe cha sauti.

"Unapangusa nini, Nyanya?"

"Jicho. Mzee alitaka lipanguswe kila Jumamosi, eti likishika vumbi picha inazimia. Mimi niliona ni mambo yake tu."

Nikaketi. Transista ile ilikuwa nyuma ya kitundu hicho hicho. Mwanga ukiipiga jemaniamu, umeme huvuja ndani yake. Ndiyo maana viwandani transista hizo hupakwa rangi nyeusi. Darasani uvujaji huo tuliuita udhaifu. Babu alikuwa ameikwangua kwa makusudi, ili mlango ukiwa wazi mchana picha ing'ae, na ukifungwa ipungue, isiumize macho. Jicho hilo nilikuwa nimelifumba mimi.

"Nyanya, naomba wembe."

Nilichomoa waya ukutani, nikaikwangua transista taratibu, kisha nikawasha. Picha ikapanda, angavu.

"Huyu mtangazaji amenenepa," Nyanya alisema.

Omoding akaja kusimama mlangoni atazame. Picha ikafifia.

"Toka hapo, Omoding. Unamzibia mzee."

Akasogea, picha ikang'aa. Akarudi, ikafifia. Alirudia hivyo mara nne, mdomo wazi, hadi mkokoteni uliposimama uani.

"Boss," alimwambia mnunuzi, bila kugeuka, "leo kuna sufuria mbili tu."