Mlangoni kwa Maman Delphine

Joëlle alizoea kuchora watu wakiwa mlangoni, si ndani si nje: jirani akichambua maharagwe, shangazi akisukwa nywele. Lakini tangu shimo la wachimbaji liporomoke kule Kambove na mwili wa kaka yake Ghislain usipatikane, aliyeketi hapo kutwa nzima alikuwa mama yao, Delphine.

"Maman, ingia, mvua iko nakuya."

"Minye niko namungoya Ghislain." Mama akautazama ubao ambao binti yake alikuwa akimchora. "Weye unajua kuchora. Umutie na yeye hapa, anaingia."

Joëlle hakuweza kumkatalia. Akachovya brashi, akamchora kaka yake akivuka kizingiti, buti zimejaa vumbi jekundu, kichwa kimeinama kidogo kama ilivyokuwa desturi yake.

Mama alipoiona picha, uso ulimkunjuka. Akainuka, akaingia jikoni, akasonga bukari, ugali wao, ya watu watatu huku akiimba.

Joëlle alitaka kumwambia kwamba ile ni rangi tu, ila mama alizidi kuimba.

"Joëlle!" mama akaita. "Umuite ndugu yako, chakula kimeiva."

Joëlle akabaki amesimama, brashi mkononi, akimtazama Ghislain wa rangi pale kizingitini.