Bodi Fupi, Njia ya Rangwi

…na kama si huu mguu wa kulia, ambao umeanza kutetemeka juu ya breki kama mguu wa mtu mwenye homa, angeweza kujidanganya kwamba amesimama kwa hiari yake, amesimama kidogo tu ili mama mkwe apumzike, lakini nani humpumzisha mama mkwe katikati ya kona, tena kona kali kuliko zote za njia ya Rangwi, pua ya pikapu imeshageuka kushoto inatafuta mlima na trela nyuma bado linaangalia bonde, halijapinda, halina habari, na huko chini honi ya lori la Fanueli inalia, paa, paa, paaaa, na Anord hathubutu kugeuka, maana kilichoko nyuma ya kisogo chake anakijua bila kukiona, ni ncha ya trela, ile ncha yake ya mbele ya kushoto, ya bati, imekisogelea kioo cha nyuma kiasi kwamba hata kidole kingepita kwa shida, na upande huu wa kioo, papo hapo, pana kilemba cha mama mkwe, na ndani ya kilemba ni kichwa chenyewe, kichwa cha mwanamke aliyemzaa mkewe, Jenoveva, kinanong'ona rozari polepole… utuombee sisi wakosefu… afadhali angenyamaza, hapana, Mungu nisamehe, aendelee, asali tu, ila asiegemee kioo. Asiegemee kioo, basi. Mtu mzima, ana mke, ana mtoto mchanga, ameshindwa kutamka maneno hayo, kwa sababu akiyatamka itabidi aeleze kwa nini, na akieleza kwa nini itabidi akiri kwamba gari hili halikupaswa kuvuta trela hili, kwamba trela la namna hii halifungwi kwenye ndoano ya nyuma kama matrela ya watu wengine, shingo yake inapanda juu ya bodi ya pikapu, pale pa kubebea mizigo, na kukaa kwenye bakuli la chuma lililofungwa humo, na bodi ikiwa ndefu shingo inapata nafasi ya kugeuka, lakini bodi ikiwa fupi kama hii yake, yenye milango minne ya kujionyesha na nyuma padogo hata magunia ya viazi yanabanana, basi kila ukikata kona kali ncha ya trela inakuja kupiga hodi kwenye kebini, na yeye alijua, tangu walipopita Soni alijua, alisikia kitu kimegusa bati, kti, akaongeza sauti ya redio. Akaongeza redio! "Nini hicho, baba?" mama aliuliza kwa sauti ya chini, na yeye akajibu, "Ni vyombo, mama, vinacheza," na mama akasema haya, kwa sababu mama mkwe hambishii mkwe wake, wala mkwe hambishii mama mkwe, heshima inakwenda pande zote mbili, ni kitu kizuri sana heshima, imewafikisha hapa.

"Anord! We Anord! Umelala? Kata kushoto! Kata, kata!" Huyo ni Fanueli, yuko chini ya kona na lori lake la matenga matupu, anaona mgongo wa trela tu na kwake dawa ni moja, kata, na ni kweli angekuwa na lori angekata, lakini hapa akikata zaidi ncha inaingia kwenye kioo, akirudi nyuma trela linajikunja na ncha inaingia kwenye kioo kwa nguvu zaidi, njia iliyobaki ni kunyoosha usukani na kusogea mbele, kidogo, kidogo tu, mpaka shingo ilegee, ila mbele ni bonde, mbele ni ukungu na vilele vya mikaratusi ambayo mashina yake yako huko chini sijui wapi, na kwenye kiti hiki haoni barabara inaishia wapi, anahitaji mtu nje, mtu wa kusimama ukingoni na kumwonyesha kwa mkono, njoo, njoo, simama, na kabla ya hapo aweke jiwe nyuma ya tairi, maana breki ya mkono ilikufa zamani na akiinua mguu huu… hauinui mguu huu. Na mtu huyo alikuwepo. Alen, utingo wake, kazi yake ni hiyo hiyo, mawe na kelele, lakini Alen ana mdomo mchafu, hamalizi sentensi bila tusi, na asubuhi pale Mombo Anord alijiuliza atamweka wapi, amweke nyuma wabanane mabega na mama mkwe? amweke mbele asimulie habari zake za wanawake wa Korogwe na mama anasikia? Akamwambia leo baki, nasafiri na mkwe. Alen akalitazama trela, akaitazama pikapu, akasema, "Bosi, na mzigo ule?" na bosi akafunga mlango. Kisha bosi huyo huyo akanyoosha mkono na kukigeuza kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kikaangalia paa, ili macho yake na ya mama yasikutane safari nzima, na mama naye hakukubali kiti cha mbele, hata hakuambiwa mara ya pili, alipanda nyuma na kukaa nyuma kabisa ya dereva, mahali ambapo mkwe hawezi kumwona, adabu juu ya adabu, na sasa paa la gari Anord analiona vizuri sana, hata doa la chai analiona, ila ncha ya trela haioni.

Na yote haya kwa ajili ya nini, si kwa ajili ya adabu hiyo hiyo. Nyumba ya mama kule Mlola ilichukuliwa na udongo wakati wa masika, mama akiwa shambani, alirudi akakuta mgomba umesimama wima pale palipokuwa na jiko, akaenda kukaa kwa dada yake Mombo, na mtu wa juu huku milimani ukimpeleka kwenye joto la Mombo anayeyuka, hali, halali, anakonda, Jenoveva akalia mpaka maziwa ya mtoto yakapungua, "Mlete mama hapa Rangwi," na Anord akakubali kwa moyo wake wote, hilo Mungu analijua, ni mama ndiye aliyekataa, alituma salamu kwamba anashukuru mno ila halali chini ya paa la mkwe wake, angeanzaje, akikohoa mkwe asikie? akitoka kwenda chooni wapishane mlangoni? Ndipo Anord akalikumbuka trela, nyumba ya magurudumu, ina kitanda, ina dirisha lenye wavu, wakandarasi aliokuwa akiwaendeshea waliliacha Mombo barabara ilipokwisha, wakamwambia ukiweza kuliondoa liondoe, na yeye akaona amepata, paa ambalo si la mkwe! atalisimamisha mwisho wa shamba, kwenye maharage, mlango uangalie mlima, Jenoveva awe anapeleka uji, na yeye na mama wasipishane milele. Alijipenda sana siku hiyo. Alimwambia Jenoveva, mumeo ana akili wewe, shukuru, na Jenoveva, anamnyonyesha mtoto, hakuinua hata uso, akauliza, "Gari letu hili litaliweza?" na yeye akajibu, "Mimi nimezaliwa kwenye kona hizi," kana kwamba kuzaliwa kwenye kona kunarefusha bodi. Sasa hivi Jenoveva yuko uani, amemfunga mtoto mgongoni, amebandika maji ya mama yake ya kuoga, anachungulia njia, na atamwambia nini huyo, atasimamaje mbele yake aseme nilikuwa namletea mama yako nyumba, nyumba ikamuua… mguu umeteleza. Kidogo tu, soli ina matope, gari likarudi nyuma nusu kiganja kabla hajaukandamiza tena, na nyuma ya kisogo chake kioo kikalia, krr, sauti ndogo, sauti ya jino kwenye mchanga, na rozari ikakatika. Mama amekatisha rozari. Hakupiga kelele, hakusema angalia, hakusema unaniua, alivuta pumzi tu, "Yesu," kisha kimya, na katika kimya hicho Anord akaelewa kwamba mama anaiona ile ncha, pengine ameiona safari nzima, iko pembeni ya sikio lake, angeikosaje? Anaiona na amekaa. Atakaa hivyo hivyo. Kioo kitamvunjikia kichwani na atakaa, hatasema neno, maana kusema ni kumwambia mkwe wake hajui anachofanya, na mwanamke huyu afadhali akatwe na kioo kuliko kumwaibisha mume wa binti yake.

Paa, paa. "Anord, wewe!" Nyamaza, Fanueli, nyamaza kidogo, mtu anafikiri… baba yake Anord alikuwa akimwona mama mkwe wake anakuja njiani anaingia kwenye mahindi, mwanaume mzima na jembe lake begani, anachutama kwenye mahindi mpaka bibi apite, na kijiji kizima kilimsifu, yule ana adabu, igeni mfano, na Anord mtoto aliona fahari, lakini hakujiuliza, leo ndiyo anajiuliza, je, bibi yule angejikwaa pale njiani akaanguka na kuvunjika nyonga, baba angetoka kwenye mahindi? Angetoka? Au angechutama humo, na adabu yake, anamsikiliza akilia? Hajui. Baba amekufa, hawezi kumuuliza. Ila la kwake mwenyewe analijua, kioo kile hakukielekeza kwenye paa kwa ajili ya mama, na redio hakuiongeza kwa ajili ya mama, wala Alen hakumwacha kwa ajili ya mama, aliogopa, aliogopa tu mama yule asije akamwona akikosea, akauita woga huo heshima, na jina likampendeza, na kwa jina hilo yuko tayari, kweli yuko tayari, sekunde hii hii, kumkalisha mwanamke huyu kwenye kioo mpaka kivunjike. Mguu sasa hautetemeki tena, umekufa ganzi, na hilo ndilo baya zaidi.

"Mama."

"Ndiyo, baba." Haraka hivyo. Kana kwamba jibu lilikuwa mdomoni linangoja.

"Mama, nimekosea." Ameliona neno hilo likitoka na halirudi tena. "Gari hili haliliwezi trela hili. Nilijua, nikakudanganya. Hicho kioo kitavunjika hapo hapo ulipo. Sogea kushoto, toka kwa mlango wa kushoto, huku kulia ni bonde, na ukishuka, mama, naomba… naomba uniwekee jiwe nyuma ya tairi." Amemtuma jiwe mama mkwe! Jiwe, kwenye matope, na kitenge chake cha safari, mambo haya yakifika Mlola watu watashika vichwa, na nyuma kitambaa kinasugua kiti, mfuko wa vyombo unasukumwa, na Anord anafumba macho anangoja aambiwe lolote, hata alaaniwe, atapokea.

"Miguu imekufa ganzi, baba," mama anasema. "Nipe mkono."

Mkono. Hajawahi kuushika, siku ya harusi alimwamkia kwa mbali ameinamisha kichwa, shikamoo, marahaba, na miaka yote ni hivyo, uwanja mzima kati yao, na mkono wa kulia uko kwenye usukani, ukiuachia tairi zitageuka, kwa hiyo ni wa kushoto, Mungu wangu, wa kushoto, anaupitisha katikati ya viti bila kuangalia, unapapasa hewa, na mama anaudaka, anaushika kwa mikono yake miwili, kigumu kiganja hicho, kigumu na baridi, cha mtu aliyelima maisha yake yote, na mama ni mzito, mzito kuliko alivyofikiri, na honi inalia na ukungu umefika kwenye boneti na ncha iko palepale kwenye kioo, na Anord, macho yanamwasha, aibu imemjaa mpaka masikioni na bado hajafa, anaubana mkono wa mama mkwe wake kwa nguvu na kumvuta polepole mbali na kile kioo, kuelekea mlango wa kushoto, mguu ukiwa palepale juu ya breki.