Kikohozi Chini ya Ghala

Chumba cha seva kilikuwa jikoni zamani, kabla redio haijapata pesa za kununua seva. Sinki lilikuwa bado lipo, bomba lake limezibwa kwa kitambaa, na juu yake palibandikwa ubao wenye maneno mawili kwa wino mwekundu: MIKONO SIFURI. Bomba lilivuja. Fundi wa seva ndiye aliyekuwa akibadilisha kile kitambaa, kwa mkono.

Ubao ulikuwa wa mkuu wa mitambo. Kituo kizima kilimwita Bwana Yenyewe, isipokuwa mbele yake. Jina hilo alipewa na mtangazaji mzee wa kipindi cha asubuhi, baba mzazi wa fundi, kwa sababu kila ulipomuuliza bwana huyo habari ya chombo chochote, alikujibu kwamba kitajifanya chenyewe.

"Mwanangu," mzee alikuwa akimwambia binti yake kwenye korido, "huyu bwana akioa, harusi itajifunga yenyewe. Yeye atatuma taarifa."

Kabla ya enzi za Bwana Yenyewe, fundi ndiye aliyepachika ghala. Ghala lilikuwa mashine ya diski iliyokaa upande wa pili wa jengo, ikitunza sauti zote za redio. Kila kompyuta ya studio ilikuwa na folda moja tupu iitwayo Sauti, na kupachika ni kuiunganisha folda hiyo na ghala. Likishapachikwa, ukifungua folda unaona yaliyomo ghalani. Lisipopachikwa, folda bado ipo, imetulia kama haina habari, na itapokea chochote utakachoiwekea, ila unaweka kwenye kompyuta ya studio, si ghalani. Na ghala likija kupachikwa baadaye, linafunika ulichoweka, kama mkeka uliotandikwa juu ya kifungo kilichoanguka sakafuni. Kifungo hakijapotea. Hakionekani tu.

Ndiyo maana fundi alikuwa akipachika, kisha anafungua folda kutazama, kisha anamwambia baba yake kupitia kioo cha studio, "Haya, sema." Bwana Yenyewe aliona hayo ni mambo ya kale. Akaandika mfumo wa kupachika ghala kompyuta inapowaka, na kuliondoa lisipotumika. Mfumo ukishindwa, ulitakiwa kutoa onyo. Maonyo yalipozidi aliyazima, maana yalimchafulia takwimu. Funguo za kupachika na kuondoa akampokonya fundi, na ubao ukapanda ukutani.

Asubuhi moja umeme ulikatika ukarudi. Kompyuta ya studio iliamka kabla ya mtandao. Mfumo ukalitafuta ghala, haukuliona, ukanyamaza kama ulivyofundishwa. Mzee akaingia, akarekodi kipindi cha kesho yake, akaaga, akaenda nyumbani kupumzika. Hakuamka tena.

Alipozikwa, fundi alikwenda kuitafuta ile rekodi. Kompyuta ilikuwa imekwisha kuwashwa upya, ghala limepachikwa, na ghalani rekodi haikuwamo. Bwana Yenyewe naye alitazama kwenye skrini yake, akatoa hukumu bila hata kukaa.

"Mfumo hauna faili. Maana yake hakurekodi."

"Mkuu, nilimwona kwa macho yangu. Aliongea saa nzima."

"Labda alikuwa anaongea peke yake. Wazee huwa hivyo. Pole sana."

Na kwenye ripoti ya mwezi akaandika kwamba siku ile mtangazaji alifika kazini lakini hakuzalisha. Mtu aliyetangaza miaka yote bila kuchelewa, akafa akiwa mtoro.

Nyumbani, mama hakutaka kusikia habari za ripoti. Yeye alitaka kitu kimoja. Mumewe alikuwa na kikohozi chake, kifupi, cha mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Alikikohoa kila alipotaka kuanza kusema, mezani, kitandani, hata kabla ya kuomba chumvi. Redioni hakikusikika kamwe, kwa sababu wahariri walikikata, na rekodi mbichi zilifutwa mara tu uhariri ulipokwisha. Fundi alimletea mama vipindi vya zamani kwenye simu, akavisikiliza kwa adabu, kisha akamrudishia simu.

"Huyo mmemsafisha," alisema. "Ni mtangazaji. Mimi sikuolewa na mtangazaji."

Rekodi ya siku ile ya mwisho haikuwa imefika kwa wahariri. Kama ilikuwapo popote, ilikuwa na kikohozi. Na fundi alijua ilipo. Kilichotakiwa ni kuliondoa ghala kidogo tu, atazame chini yake.

"Haiwezekani," alisema Bwana Yenyewe. "Ukiondoa kwa mkono, takwimu zitaonyesha mkono. Nimekaa mwaka mzima bila mkono."

"Basi si mfumo wenyewe unaliondoa lisipotumika? Mbona kwenye kompyuta ya kipindi cha asubuhi haujawahi kuliondoa?"

"Litajiondoa lenyewe wakati wake ukifika."

Wakati wake haungefika hadi kiama, na fundi alijua sababu. Kwenye skrini ya mkuu kulikuwa na taa ya kijani ya kuonyesha kwamba ghala lipo. Ili kujua kama lipo, taa ililigusa ghala kila mara, na kila lilipoguswa, mfumo ulihesabu kwamba linatumika. Ni kama muuguzi anayemtikisa mgonjwa kila dakika kumuuliza kama amepata usingizi.

"Na hata hivyo," Bwana Yenyewe akaongeza, "Ijumaa bodi ya redio ikishakuja kutukagua na kuondoka, kompyuta ile inafutwa na kupangwa upya. Yenyewe."

Kulia mbele ya mtu huyu ilikuwa kazi bure, angeingiza machozi kwenye takwimu. Fundi akaamua kumvisha kilemba cha ukoka.

"Sasa Mkuu, bodi wakija utawaonyesha nini? Kupachika wamekwisha kuona. Kuondoa ndiyo kazi. Ghala linajiondoa lenyewe, bila mtu, mbele ya macho yao, kwenye skrini kubwa. Tena kwa kompyuta ile ile iliyokuwa ya mzee, waone hata penye uzembe mfumo haulali."

Bwana Yenyewe alimtazama kwa upendo ambao hakuwahi kumwonyesha binadamu.

"Umeanza kukomaa," akasema.

Ijumaa bodi ilikaa kwenye chumba cha mikutano, mwenyekiti akiwa mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyezoea kuuliza maswali mafupi. Fundi alikuwa amekaa karibu na kompyuta ya mzee, iliyoletwa pale na kuungwa na spika, mkononi ameshika flashi. Kwenye skrini kubwa folda ya Sauti ilikuwa wazi, imejaa faili za ghalani.

"Waheshimiwa, hakuna anayeligusa," alisema Bwana Yenyewe, mikono juu kama mtu aliyekamatwa. "Sasa litajiondoa."

Wakangoja. Faili zilibaki pale pale. Mjumbe mmoja akafungua peremende, karatasi yake ikasikika chumba kizima.

"Linajiandaa?" aliuliza mwenyekiti.

"Mfumo una busara, Mheshimiwa. Haukurupuki."

Wakangoja tena. Jasho lilianza kumtiririka Bwana Yenyewe, lenyewe.

"Mkuu," alisema fundi taratibu, "labda tuizime ile taa ya kijani."

"Taa inahusiana na nini?"

"Hata mimi sijui. Pengine inalisumbua."

Akaizima, kwa mkono. Kikapita kitambo, kisha faili zote zikatoweka kwenye skrini. Wajumbe wakapiga makofi. Bwana Yenyewe akageuka, ameinua mkono kuelekea skrini.

"Na kama mnavyoona, folda sasa ni tupu kabisa."

"Naona kitu kimoja," alisema mwenyekiti.

Kilikuwa faili moja la sauti. Tarehe yake ilikuwa ya siku ile ya mwisho.

"Hiyo ni takataka tu, Mheshimiwa. Leo jioni inafutwa."

"Takataka gani? Ifungue tuisikie."

Bwana Yenyewe hakuwa na njia. Akabonyeza. Spika zikakoroma, kiti kikasikika kikivutwa, kisha kikaja kikohozi, kifupi, mara mbili. Wafanyakazi waliokuwa mlangoni wakasimama wima kama walioitwa.

"Haya," sauti ya mzee ikajaa chumba. "Sijui kama ghala limepachikwa au halijapachikwa. Siku hizi hakuna wa kumuuliza. Bwana Yenyewe kasema litajua lenyewe. Binti yangu kanyang'anywa funguo, kapewa kitambaa cha kuziba bomba. Basi mimi nasema tu, asiyenisikia shauri yake." Akakohoa tena. "Hamjambo wasikilizaji."

"Huyo Bwana Yenyewe ni nani?" aliuliza mwenyekiti.

Wote walitazama sehemu moja.

"Mheshimiwa," alisema Bwana Yenyewe, "ningependa bodi itambue kwamba mfumo umeitunza rekodi hii kwa usalama mkubwa. Wenyewe."

"Na ile ripoti iliyosema hakurekodi? Nayo ilijiandika?"

Fundi hakungoja jibu. Tayari alikuwa amechomeka flashi na kunakili. Baadaye alisikia kwamba ripoti ilirekebishwa, na kwamba Bwana Yenyewe alipewa cheti cha ubunifu, maana kilikuwa kimekwisha chapishwa. Ubao nao ulibaki. Ila funguo zilirudi kwa mwenyewe.

Jioni ile alimkuta mama akichambua mchele. Akaweka kompyuta juu ya meza, akafungua faili. Kiti kikavutwa. Mara mbili, kama hodi.

Mama hakuinua macho. Mkono wake ulisimama ndani ya sinia.

"Rudisha," alisema.

Akarudisha. Na tena. Mambo ya Bwana Yenyewe na wasikilizaji mama hakuyahitaji, kila mara alimkatisha mzee pale pale kabla hajafika mbali.

"Mama, naweza kuipanga irudie pale pa mwanzo yenyewe. Usihangaike."

"Hapana." Mama alijifuta vumbi la mchele kwa kanga, akasogeza kiti karibu na meza. "Nionyeshe pa kubonyeza."