Fuwele Iliyopasuka Mbele ya Wageni

Tak. Sauti haikuzidi ya ukucha unaokatwa, lakini niliisikia mpaka kwenye meno. Fuwele yangu, ndogo kama punje ya mchele, ilikuwa imepasuka katikati, na mstari kwenye skrini ukaporomoka hadi sifuri. Wageni wote waliokuja kuona jaribio letu wakanigeukia, kwa sababu mjomba, mkuu wa maabara, alikuwa ameshaninyooshea kidole.

"Mpwa wangu hakuibana vizuri," alisema huku akicheka. "Watoto wa siku hizi!"

Hata leo nikikumbuka kicheko kile damu inanichemka.

Mjomba ndiye aliyenifundisha kazi. Kazi yenyewe ukiieleza ni rahisi: upande mmoja wa fuwele unaupasha moto, wa pili unauacha baridi, na umeme unapatikana bila injini wala moshi. Tatizo ni kwamba umeme huo huwa kiduchu. Lakini fuwele yetu ilikuwa na tabia yake. Ikifika joto fulani, elektroni zake hubadili mpangilio, kama watu wa foleni waliosikia dirisha la pili limefunguliwa. Mjomba alipachukia pale. Vipimo vilirukaruka, naye alipenda mistari iliyonyooka. Akaweka sheria: ukikaribia joto hilo, ongeza moto haraka, upite.

Mimi sikupita. Mjomba aliposafiri nilipandisha joto taratibu mno, chai yangu ikapoa, nikapasha nyingine, nayo ikapoa. Umeme ukapanda, ukapanda tena, ukawa mara nne ya ule tuliouzoea. Nilirudia mpaka nikachoka kujishuku.

"Waya umelegea," alisema aliporudi, bila hata kuvaa miwani.

"Nimebadilisha nyaya zote, mjomba."

"Basi zimelegea zote."

Nikamwambia na jingine: kwenye joto lile umbo la fuwele nalo hubadilika, ukiikimbiza itapasuka. Akanijibu kwamba yai halimfundishi kuku. Siku ya wageni akazungusha swichi ya moto kwa mkono wake mwenyewe, haraka vilevile kama kawaida yake. Nyingine kama ile sikuwa nayo. Miezi yote ya kukesha na tanuri nikikuza fuwele ilikuwa imenipa moja tu iliyo safi.

Hilo labda ningelimeza. Lakini jioni ile alipita nyumbani, akakaa kwenye kiti chetu, akamweleza mama, ambaye ni dada yake mkubwa, kwamba nimevunja kitu cha thamani kwa uzembe. Mama, aliyeamini tangu utoto wangu kwamba nina mikono mizito, alitikisa kichwa tu. Tangu hapo hakuniachia hata birika nilioshe bila kuniambia, "Taratibu, wewe." Mimi! Mimi niliyewaomba watu wazima waende taratibu!

Niliihama maabara ile na nusu ya fuwele mfukoni. Ilitosha kuwa mbegu ya kuanzia. Mahali pengine nilikuza nyingine, nikazipandisha joto kwa mwendo wangu, na umeme ukapanda palepale nilipopajua.

Mwezi uliopita mjomba, sasa mstaafu, alikuja kunitembelea kazini. Aliutazama mstari ukipanda kwenye skrini. Akavaa miwani, akatazama tena.

"Kumbe waya haukulegea."

"Haukulegea."

"Hongera, binti. Nilijua tu utafika mbali."

Akafungua mikono anikumbatie. Kikulacho ki nguoni mwako! Nikarudi nyuma, nikatoa simu, nikampigia mama, nikamtia mjomba simu mkononi.

"Mwambie."

"Sasa hivi? Mambo ya zamani hayo. Mama yako ameshasahau."

"Jana amenipokonya kikombe."

Simu iliendelea kuita. Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Sauti ya mama ikatoka. "Haloo? Nani?"

"Dada," alisema mjomba, "ni mimi. Unakumbuka ile fuwele..."

Akanitazama. Nikavuta kiti, nikakaa. Sikuwa na haraka.