Mikimbio ya Shemeji

Asubuhi ya siku ya pili ya fainali ya kriketi, mshona magodoro alikaa kwenye benchi la timu akikaza pedi ya mguu kwa uzi wa kazini, ule mnene unaopita kwenye sponji bila kukatika. Kando yake alisimama mpiga gongo nyota wa kiwanda chao, mume wa dada yake, akivuta suruali iteremke. Jana ilifika kwenye viatu. Sasa iliishia magotini.

"Shemeji, umerefuka," mshona magodoro akasema.

"Nimepiga mikimbio mia na hamsini, ulitaka nifupike?"

Hakuna aliyewatoa tangu jana, kwa hiyo wakaingia tena uwanjani pamoja. Katika kriketi wapigaji hukaa wawili, kila mmoja upande wake, mbele ya vijiti vitatu ambavyo mpira ukivigonga, mpigaji hutoka. Mmoja akiupiga mpira, wote wawili hukimbia wakabadilishana pande, na mkimbio huandikwa jina la aliyepiga. Aliyekimbia naye haandikiwi kitu. Mshona magodoro hakuwahi kuulalamikia utaratibu huo. Hata kiwandani ndivyo mambo yalivyo.

Yeye alitaka kombe tu. Meneja mkuu, ambaye ndiye nahodha kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwa nahodha wa meneja mkuu, aliahidi kwamba wakilichukua, kazi ya Jumamosi itaishia saa sita mchana. Ahadi hiyohiyo aliitoa mwaka ghala lilipoungua, akaitoa tena mwaka paa lilipowaangukia watu wa zamu ya asubuhi, lakini safari hii aliitoa kwa kipaza sauti. Mke wa mshona magodoro alikuwa mpishi wa hospitali, zamu ya usiku. Tangu waoane walikuwa wakipishana mlangoni, huyu akivua viatu, yule akivaa. Jumamosi mchana ndiyo ingekuwa ndoa yao.

Na kombe lilikuwa karibu. Watu wa kiwanda cha chupa, waliolishikilia, walikuwa wameachwa mbali. Ilibaki nahodha aseme basi, inatosha kupiga, ili timu yake iingie kurusha mpira na kuwatoa watu wa chupa wote kabla jua halijazama. Likizama wakiwa bado wamo, kombe lingerudi lilikotoka.

Kufikia saa ya chai mpiga gongo alikuwa amelingana na mlango wa ghala. Idara nzima ya ushonaji ikamzunguka, ikamshonea suruali ya kitambaa cha godoro chenye maua, naye akashukuru, akasema inapitisha hewa. Alipofikisha mia tatu, njiwa walitua begani kwake wakagombana. Gongo alilishika kwa vidole viwili kama kijiti cha meno. Mpira kwake ulikuwa punje tu, hakuweza tena kuupeleka mbali. Aliudokoa ukabingirika kidogo, kisha akavuka upande wa pili kwa hatua moja na kungoja. Mshona magodoro alikimbia njia nzima.

"Changamka basi, shemeji!" Sauti ilishuka kutoka juu, imechelewa kidogo.

"Nakuja! Wewe unavuka, mimi nasafiri!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Tarumbeta zililia, wazee wakacheza na wajukuu wa watu wengine, na waliokosa viti vya kivulini wakahamia kwenye kivuli cha shemeji. Mrushaji wa timu ya chupa alilalamika kwamba mguu wa mpigaji umeziba vijiti vyote vitatu. Mwamuzi akainama, akachungulia, akasema vijiti havionekani, naye hawezi kuapa kwamba mpira ungegonga kitu asichokiona. Mchezo ukaendelea.

Baada ya chakula cha mchana mshona magodoro alikwenda kwa meneja, aliyekuwa chini ya mwavuli.

"Bosi, tuseme basi. Muda upo, tutawatoa wote."

"Rekodi ya ligi ni mia tatu themanini na nane."

"Aliyeiweka, timu yake ilishuka daraja mwaka uleule."

"Unaona? Na bado tunamtaja."

"Na Jumamosi yetu, bosi?"

"Mtu wetu anaonekana mpaka mji wa pili, wewe unaniletea habari za Jumamosi!"

Basi mshona magodoro akarudi uwanjani na shauri lake moyoni. Shemeji alipodokoa mpira na kuvuka, yeye hakukimbia. Alikunja mikono akasimama. Wapigaji wawili upande mmoja, upande wa pili mtupu, na mtu wa chupa tayari ameinua mpira avigonge vijiti. Shemeji angetoka, rekodi ingekufa, Jumamosi ingepona.

Shemeji akainama, akamshika kola kwa vidole viwili, akamweka upande wa pili taratibu, kama mtu anayehamisha kikombe.

"Samahani, shemeji. Imebaki kidogo tu."

Mwamuzi alifikiri, akasema hakuna sheria inayokataza mwenzako kukusaidia.

Kuanzia hapo alibebwa kila mkimbio. Upepo uliingia kwenye shati, uwanja ukawa unapita chini, na mshona magodoro, ambaye hakuwahi kupanda hata lifti, alijikuta anacheka kwa sauti na hasira zake palepale. Mkewe alikuwa kwenye majukwaa akimpungia kila alipopita. Hawakuwahi kuonana mchana kwa muda mrefu kiasi kile.

Rekodi ilivunjwa, kofia zikarushwa, na meneja akasema basi. Huku chini giza lilikuwa limeshaingia.

"Bado mchana jamani!" shemeji akapiga kelele. "Jua nalionaa!"

Mwamuzi alisema jua linalohesabika ni la wachezaji wote. Watu wa chupa wakachukua kombe lao, wakapiga picha kwenye kifundo cha mguu wa shemeji, wakaenda.

Jumatatu meneja alitangaza kwa kipaza sauti kwamba haifai fahari ya kiwanda ilale kwenye nyasi. Ashonewe godoro la saizi yake. Kwa kuwa ni kazi ya heshima, itafanywa Jumamosi mchana, baada ya kazi, mpaka liishe.

Jumamosi ya kwanza mke wa mshona magodoro alikuja kiwandani, akaomba sindano, akaanza upande wa pili. Godoro lilijaza yadi nzima. Walishona kuelekeana.

"Unaniona?" mume akauliza kwa sauti.

"Naona kipara!"

"Njoo basi!"

"Si ndiyo nakuja!"

Wakaja, Jumamosi kwa Jumamosi, mpaka wakawa wanaongea bila kupaza sauti, mpaka mume akaliona hata jino la mkewe lililovunjika. Ndipo ng'ambo ya ukuta tarumbeta zikalia. Ligi mpya ilikuwa imeanza, na shemeji, akiwa na fundi umeme wa kukimbia naye, alikuwa amepiga mia nyingine. Msimamizi akatoka ghalani na jora jipya la kitambaa, akawaomba wasogee kidogo, akaliunga katikati yao.