Mpendwa Kipara Mtarajiwa

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alitaka mapazia ya ukumbi mzima. Aliandika, akasubiri, asijibiwe, akampa kazi fundi mwingine. Barua pepe yake ilikutwa kwenye kompyuta ya duka la Mama, imefukiwa chini ya matangazo ya viatu, bahati nasibu na mafuta ya kuotesha nywele.

"Mama, duka linatufia mikononi," mkwewe alisema, akivuta kiti mbele ya kompyuta iliyobanwa kati ya cherehani mbili. "Zamani takataka zilikuwa za kuhesabika. Sasa zimejaa pomoni. Kuna kitu umegusa?"

Mama alikuwa akipinda ukingo wa pazia. Hakuinua kichwa. "Sijagusa kitu. Nawajibu tu."

"Unawajibu akina nani?"

"Wote."

Mkwe alishika kichwa. Sanduku lile la barua alilitengeneza mumewe, mtoto pekee wa Mama, kabla homa haijamchukua. Alikuwa na mtindo wake: kila kampuni aliipa anwani yake peke yake, yenye jina la duka mwishoni, ili moja ikivujisha anwani kwa wengine, aijue. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa utani hata na ukuta, kampuni ya chakula aliipa "mwenye-njaa", ukumbi wa mazoezi akaupa "mvivu", na wauza mafuta ya nywele "kipara-mtarajiwa". Zote ziliingia sanduku moja. Alipozikwa, kampuni hazikuwa na habari. Ziliendelea kumwandikia.

Mama hakuweza kuacha watu wakisalimia bila kuitikiwa. Kila asubuhi aliomba, kisha akaandika kwa kidole kimoja: "Ndugu, asante kwa kumkumbuka mwanangu. Mungu amemchukua. Tafadhali msimwandikie tena, ila mtuombee."

"Na walikujibu?" mkwe aliuliza.

"Wale wa mafuta walijibu papo hapo. 'Mpendwa Kipara Mtarajiwa, tumefurahi umetuandikia! Tuna zawadi yako.'" Mama aliweka sindano chini. "Nikajua hawakunielewa. Nikawaandikia tena."

"Mama yangu! Hawa si watu, ni mashine. Ukijibu hata neno moja, wanajua anwani ina mtu hai. Wanaiuza kwa wenzao, na wenzao kwa wenzao."

"Mtu hai," Mama alirudia polepole.

"Tuzifunge zote, tubaki na moja mpya ya duka. Barua itakayoandikwa kwa jina lililofungwa itarudishwa ilikotoka."

"Hapana."

"Tutakosa kazi nyingine, Mama. Tutakula nini?"

"Na nikifunga, nani atamwita tena mwanangu?" Sauti ya Mama ilipanda. "Tangu tumzike hakuna anayemtaja humu ndani. Mimi namtaja kwa Mungu tu. Wewe hata kwa bahati mbaya humtaji!"

Mkwe aliinamia kompyuta. Gari lilipita nje, vioo vikatetemeka. "Nikimtaja siwezi kusimama, Mama," alisema mwishowe. "Na mmoja wetu lazima asimame, afungue duka."

Mama alimtazama binti yule aliyemdhani ana moyo mkavu, akaona jinsi mabega yake yalivyolegea kwa uchovu. Akasogeza kiti chake, wakakaa bega kwa bega.

"Anza na mvivu," alisema.

Mkwe akafunga mvivu. "Alilipia mwaka mzima, akaenda siku moja. Akarudi anachechemea, akasema mazoezi yana husuda."

Mama akacheka kidogo. Wakafunga mwenye-njaa, ya vifungo, ya nyuzi, na kila moja ilipofungwa, mmoja wao alikuwa na neno la kumkumbuka. Wakafika kwa kipara.

"Hebu niambie ukweli, mwanangu. Alikuwa anajipaka?"

"Kila siku, Mama. Anajifungia bafuni, anatoka anang'aa kama sufuria mpya, ananiuliza, 'Unaona kitu kinaota?'"

"Na wewe?"

"Naapa naona!"

Walicheka mpaka Mama akashika meza, na kicheko kilipokwisha hakuna aliyefuta macho.

"Hii tuiache," Mama aliomba. "Hii moja tu."

"Ndiyo inayovuja kuliko zote, Mama."

Mama alifumba macho. Midomo yake ilicheza kwa muda mrefu. Kisha akapiga moyo konde, akabonyeza mwenyewe.

Takataka zikakatika. Wiki ile ile zahanati iliandika ikitaka mapazia ya wodi zote, na barua yao ilikuwa juu kabisa, inaonekana kweupe. Mkwe alikuwa ametoka kununua nyuzi. Mama aliwajibu vizuri, akakubali kazi, akamshukuru Mungu. Furaha ikamzidi. Kabla hajajijua, kidole kimekwisha kuandika anwani ile ya utani, na chini yake: "Mwanangu, tumepata kazi."

Akatuma.

Jibu lilirudi hata hajaondoa mkono. Halikuwa na mpendwa, wala zawadi.

"Ujumbe wako haukufika. Mpokeaji hayupo."

Alilisoma kwa sauti, neno kwa neno. Mazishini watu walimsifu kwa uvumilivu, hata chozi hakudondosha. Mkwe aliporudi na nyuzi alimkuta amelaza kichwa juu ya cherehani, analia kwa sauti, anamwita mwanawe kwa jina lake halisi.

Hakumnyamazisha. Aliweka nyuzi chini, akafunga mlango wa duka, naye akamwita mumewe.